Karatasi ya rangi na neno "tena": kisa cha mama wa Kayole

Mama huyu aliingia chumbani kwangu Jumatatu asubuhi, mimba ikiwa ya wiki 17, na hata kabla hajaketi alinipa karatasi mbili alizokuwa amezikunja ndani ya kijitabu cha mama na mtoto. Kwenye ya kwanza kulikuwa na duara lililokatwakatwa kwa rangi kama keki ya harusi. "Sista, hii inasema sina bakteria wazuri," akasema. "Huyu naye atatoka mapema tena?"

Nilishika karatasi. Neno "tena" nililiacha likapita, nalo lilikuwa na uzito kuliko yote yaliyopigwa chapa pale. Kosa hilo ni langu, ndiyo maana naanzia hapo.

Mimi ni mkunga katika kliniki ya wajawazito huku Eastlands. Mwenyewe ameniruhusu kusimulia, na mambo machache nimeyageuza asitambulike. Ana miaka 27, anakaa Kayole, anauza nguo za watoto za mitumba Gikomba. Kifaa cha kuchukulia sampuli alikiagiza kwa intaneti, shilingi 14,500, akalipa kwa M-Pesa mara mbili. Akiwa wiki ya 13 alijipangusa mwenyewe ukeni kwa kijiti cha pamba, akakituma ng'ambo, na majibu yakaja kwa barua pepe. Saiba ya mtaani ikamchapia kwa rangi.

Karatasi ilitaja bakteria waliopatikana: Lactobacillus iners asilimia 54, Gardnerella asilimia 27, na asilimia 19 iliyobaki ni Prevotella na Fannyhessea vaginae. Lactobacillus crispatus: sufuri. Chini yake, kwa wino mwekundu: hatari ya kuzaa kabla ya wakati ni kubwa. Chini zaidi, mahali pa kuagizia vidonge.

Ugomvi wangu ulikuwa na mistari miwili ya mwisho. Ile ya juu sikuwa na sababu ya kuikataa.

Tangu 1892, Albert Döderlein alipoeleza vijiti vidogo, laktobasili, vinavyoishi ukeni na kutengeneza asidi, madaktari wamejua kwamba uke una wenyeji wake. Homoni ya estrojeni hujaza ukuta wa uke akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Sukari hiyo ikivunjwavunjwa, laktobasili huila na kutoa asidi ya laktiki, na pH, kipimo cha ukali wa asidi, hushuka chini ya 4.5. Vijidudu vingi haviwezi kuishi katika ukali huo. Mimba huongeza estrojeni, kwa hiyo kwa wanawake wengi laktobasili huzidi kushika hatamu miezi ikienda.

Ila laktobasili nao hawafanani. Crispatus hutoa aina zote mbili za asidi ya laktiki, tena akishika mahali hahami upesi. Iners hutoa aina moja tu, na hukaa na yeyote: leo yuko na crispatus, kesho yuko na Gardnerella, kama mpangaji asiyegombana na mtu wala kumlinda mtu. Laktobasili wakipungua sana na nafasi yao ikachukuliwa na Gardnerella, Prevotella na wenzao, tunaiita vajinosisi ya bakteria. Wengi wenye hali hiyo hawana dalili yoyote.

Mwaka 2011 Jacques Ravel na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 396 wa Amerika Kaskazini, wote wasio na dalili, wakazigawa jamii hizi za vijidudu katika makundi 5. Kundi lisilotawaliwa na laktobasili lilipatikana kwa karibu wanawake 4 kati ya 10 weusi, na kwa 1 kati ya 10 weupe. Tafadhali isome mara ya pili: hawa walikuwa wanawake wasiolalamika chochote. Kukosa crispatus kungekuwa ugonjwa, foleni yangu ya Jumatatu ingekuwa wadi.

Pamoja na hayo uhusiano upo, sitaki kuupuuza. Mwaka 2019 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa Marekani uliofanywa hasa kwa wajawazito wenye asili ya Afrika. Waliozaa kabla ya wakati walikuwa na crispatus kidogo, na walikuwa na Prevotella na Sneathia amnii kwa wingi zaidi. Njia inayodhaniwa inaeleweka pia. Baadhi ya bakteria hawa hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ute mzito unaoziba mlango wa kizazi. Wakipanda juu, mwili hujibu kwa uvimbe, uvimbe huleta kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo hulainisha mlango na kuanzisha uchungu. Utando wa chupa ya maji inayomzunguka mtoto nao huliwa taratibu hadi ukapasuka. Kwa hiyo aliyetengeneza karatasi hakuwa mwongo. Alichofanya ni kuchukua jambo la wanawake wengi kwa pamoja na kumbandika mmoja wa Kayole.

Turudi kwake. Nilimuuliza kama ana dalili. Akainama kidogo: majimaji mepesi ya kijivu, na harufu ya shombo, zaidi akishakutana na mumewe. Hakuna kuwashwa. Mtu wa kemisti alikuwa amemwambia ni "UTI", maambukizi ya njia ya mkojo, akampa antibiotiki za siku tatu. (Nairobi kila kitu chini ya kitovu ni UTI. Nimeshazoea, ingawa sijakubali.)

Karatasi ya pH ilisoma 5. Tone la potasiamu haidroksidi ya asilimia 10 lilipogusa majimaji, shombo ilijaa chumba hadi mwanafunzi wangu akafungua dirisha. Chini ya hadubini zilionekana seli za ukuta wa uke zilizopakwa bakteria hadi kingo zake zimepotea, trikomonasi, kijidudu cha zinaa, hakuonekana. Kwa vigezo vya Amsel vya 1983 vya kutambua vajinosisi, vitatu kati ya vinne vinatosha. Yeye alikuwa na vyote vinne. Gharama yote haikufika bei ya chakula cha mchana, na jibu lilipatikana kabla chai yangu haijapoa.

Nikamuuliza anajisafishaje. Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa marefu.

"Najiosha ndani na maji ya limau, asubuhi na jioni."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu hii karatasi. Si inasema nimekosa asidi? Limau si asidi?"

Niseme ukweli, sikuwa na jibu la haraka. Hoja yake ilikuwa imenyooka kuliko nyingi ninazosikia kwenye semina. Nilichomwambia baada ya kufikiri ni kwamba asidi ya limau hukaa kwa muda mfupi, huchoma ukuta, na maji yanayoingia nayo huwaosha hata laktobasili wachache waliobaki. Asidi ya kweli ya uke hutengenezwa hapo hapo, kidogo kidogo, mchana na usiku, na viumbe walio hai. Ukimwaga limau umeleta ukali bila kumleta anayeutengeneza. Akacheka, akasema basi jirani yake alikosea pia kumwambia atie mala. Nikamwambia mala ni ya kunywa na ugali. Vijidudu vyake ni vya maziwa, havijui kuishi huko alikotaka kuvipeleka.

Vile vidonge vya kwenye karatasi tulivijadili pia. Kuna kazi nzuri iliyofanywa na crispatus mwenyewe: mwaka 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio la Marekani ambapo wanawake waliotibiwa vajinosisi walitiwa crispatus hai ukeni kwa wiki kadhaa. Kufikia wiki ya 12, hali ilikuwa imerudi kwa asilimia 30 yao, dhidi ya asilimia 45 waliotiwa kisichokuwa na kitu. Ni nafuu ya kweli. Lakini hawakuwa wajawazito, kilichopimwa hakikuwa uzazi wa mapema, na kile hakikuwa kidonge cha kumeza kinachouzwa kwa kiungo cha intaneti. Nilimsihi asitume senti nyingine.

Nilimpa antibiotiki, metronidazoli, miligramu 400 mara mbili kwa siku, siku 7. Hapa lazima nieleze kwa nini, maana wenzangu wengi hulichanganya jambo hili. Nilimtibu kwa sababu alikuwa na dalili zinazomsumbua. Sikumtibu ili asizae mapema, na nilimwambia hivyo waziwazi.

Ingekuwa kutibu vajinosisi kunazuia uzazi wa mapema, tungekuwa tumemaliza kazi zamani. Mwaka 2000 jaribio kubwa la Marekani lilitoa metronidazoli kwa wajawazito wenye vajinosisi isiyo na dalili: bakteria walipungua, uzazi wa mapema haukupungua. Mwaka 2018 Wafaransa, katika jaribio la PREMEVA, walitibu mapema kabisa kwa antibiotiki nyingine, klindamaisini, wanawake wasio na hatari kubwa. Matokeo yale yale. Hii ndiyo sababu kikosi cha Marekani cha ushauri wa kinga kilishauri 2020 kwamba mjamzito asiye na dalili na asiye na hatari ya ziada asipimwe vajinosisi hata kidogo, na kwa walio na hatari kikasema ushahidi hautoshi kuamua upande wowote.

Mbona ukimwondoa anayeshukiwa kesi haifutiki? Pengine tunachelewa, uvimbe umeshaanza. Pengine antibiotiki hufukuza wageni bila kumrudisha mwenyeji, na nyumba tupu haikosi mpangaji. Pengine bakteria na uzazi wa mapema vyote ni watoto wa mzazi mmoja tusiyemwona vizuri. Mimi naegemea la pili, kwa kuwa nimeona shombo ikirudi kwa mama yule yule mara tatu katika mimba moja.

Alirudi wiki ya 20. Shombo imekwisha, limau ameacha. Akauliza mambo mawili. La kwanza: apewe dawa kali zaidi, "ya kumaliza kabisa". Nilikataa, na hapa sina msamaha na mtu. Katika majaribio ya ORACLE, wanawake walioanza uchungu mapema chupa ikiwa nzima walipewa antibiotiki bila faida yoyote. Watoto wao walipofuatiliwa hadi miaka 7, ulemavu wa kupooza kwa ubongo ulikuwa mwingi zaidi kwa wale ambao mama zao walipewa dawa. Antibiotiki kwa mjamzito ina mahali pake. Hofu si mahali pake.

La pili: baba watoto naye atibiwe? Swali zuri, na mwaka mmoja kabla ningelijibu vingine. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kumtibu mwanaume hakusaidii. Kisha 2025 likachapishwa jaribio la Australia ambapo wanaume walipewa metronidazoli ya kumeza pamoja na klindamaisini ya kupaka kwa siku 7. Ndani ya wiki 12 hali ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake wao, badala ya asilimia 63. Nilimweleza kwamba hilo linahusu kurudi kwa shombo, halijasema lolote kuhusu mimba, na kwamba akitaka aje naye. Hakuja naye. Alisema mumewe akisikia habari ya kupaka dawa huko atadhani ameambiwa ana ugonjwa wa zinaa. Sikumsukuma.

Alipokuwa anainuka, alisema kitu kama mtu anayeongea na mkoba wake: "Yule wa kwanza alitoka wiki ya 30."

Nikamwomba aketi.

Kijitabu chake kipya kilikuwa na mstari mmoja: mimba ya pili, mtoto mmoja, alifariki. Wiki hazikuandikwa. Aliyekijaza alikuwa na foleni, nami nilikuwa na karatasi ya rangi. Mwaka 2021 chupa yake ilipasuka akiwa ndani ya matatu Jogoo Road, akajifungua mtoto wa gramu 1,300 aliyeishi siku tisa. Kijitabu cha mtoto yule kilizikwa naye. Wiki tatu nzima nilikuwa nazungumza na mwanamke huyu juu ya Prevotella, na historia ya kuzaa kabla ya wakati, ambayo ni ishara yenye nguvu kuliko bakteria yeyote kwenye duara lile, ilikuwa imekaa mbele yangu ikisema "tena".

Siku ile ile nilimwandikia rufaa kwa daktari wa uzazi na kipimo cha mlango wa kizazi kwa picha ya ndani. Ile picha ya kawaida ya juu ya tumbo haitoshi. Kibofu kikijaa huuvuta mlango ukaonekana mrefu. Wiki ya 20 na siku 4 ulikuwa milimita 31. Daktari alitaka urudiwe, na wiki ya 22 ulikuwa milimita 22. Chini ya 25 kabla ya wiki ya 24, kwa mtu aliyewahi kuzaa mapema, hapo hakuna kusubiri. Aliwekewa mezani mambo mawili: kushonwa mlango, au homoni ya projesteroni ya kuweka ukeni, miligramu 200 kila usiku. Uchambuzi mkubwa wa 2021 uliokusanya majaribio mengi ulionyesha kwamba projesteroni ya ukeni, kwa wenye hatari kubwa na mimba ya mtoto mmoja, hupunguza uzazi wa kabla ya wiki 34 kwa takriban moja ya tano. Alichagua projesteroni. Uzi aliuogopa, na hakuwa na mtu wa kumwachia biashara.

Alilalamika kitu kimoja: dawa ile ya usiku iliacha majimaji meupe ya mafuta asubuhi, na hofu ya bakteria ikarudi. Alinipigia simu mara mbili. Ningemtahadharisha mapema asingepoteza usingizi.

Wiki ya 33 na siku 2, usiku wa Jumapili, chupa ilipasuka. Safari hii alijua la kufanya: alipiga simu, akachukua bodaboda hadi kituoni, na deksamethasoni ya kwanza, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto, miligramu 6 msulini, ilitolewa kabla gari la wagonjwa halijaondoka. Dozi nne, kila saa 12. Jaribio la ACTION la Shirika la Afya Duniani, lililofanywa nchi tano, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa 2020, lilionyesha vifo vya watoto wachanga vikishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6 kwa dawa hii, katika hospitali za kawaida kama zetu. Alipewa pia erithromaisini. Hapa antibiotiki ilikuwa mahali pake: chupa ikishapasuka kabla ya wakati, ORACLE hiyo hiyo ilionyesha kwamba erithromaisini inawasaidia watoto, na kwamba amoksisilini yenye klavulaniti iepukwe kwa kuwa iliambatana na kuoza kwa utumbo wa mtoto. Dawa moja, mwanamke mmoja, miezi mitatu tofauti, na jibu langu limegeuka kabisa.

Mtoto wa kike alizaliwa wiki ya 33 na siku 6. Gramu 2,050. Alilia mwenyewe. Walimfunga kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, malezi yale yaliyoanzia Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya uhaba wa mashine, na siku ya 12 walirudi Kayole.

Sasa, je, ni bakteria? Niliulizwa hivyo na mwanafunzi yule wa dirisha. Ukitaka hadithi nzuri, imekamilika: crispatus sufuri, chupa kupasuka. Lakini kuna hadithi nyingine inayotumia mambo hayo hayo. Mlango wake huenda ulikuwa mfupi kwa sababu zake wenyewe, ukawaachia bakteria njia. Au mimba iliyokatika 2021 iliacha alama. Kilichoweza kutusaidia kidogo ni kondo la nyuma. Likikatwa na kuangaliwa kwa hadubini, uvimbe wa utando huonekana, na tungejua kama maambukizi yalipanda au la. Halikupelekwa. Lilikwenda kwenye shimo pamoja na mengine ya usiku ule, na hakuna mtu wa kulaumiwa. Hatuna desturi hiyo, na anayepigania pumzi ya mtoto saa tisa usiku hakumbuki kondo.

Wala siwezi kusema projesteroni ilimnunulia wiki nne juu ya zile 30. Ningependa kusema hivyo. Kwa mwanamke mmoja hakuna wa kumlinganisha naye.

Kuhusu ile karatasi, wenzangu wawili walinishauri nimwambie aichome. Sikuona sababu. Ilimleta kliniki wiki ya 17 wakati mimba ya kwanza alianza kuja ya 26, na kama isingekuwa karatasi pengine asingepata ujasiri wa kuuliza habari ya shombo. Ubaya wake ni kwamba ilijaza meza. Ilikuwa na majina ya Kilatini na asilimia, na mimi, niliyesomea kazi hii, nilivutwa nayo kama yeye. Duara la rangi haliulizi ulizaa lini.

Wiki ya 6 baada ya kujifungua alikuja kwa uzazi wa mpango, mtoto mgongoni, gramu 3,400. Akatoa karatasi zile zile, zimeshachakaa kwenye mikunjo. "Sista, nipime tena ya hii kabla ya mwingine?"

Nikamwambia aweke pesa hizo. Nikachukua kijitabu, nikafungua ukurasa wa historia ya uzazi, na kwa kalamu nyekundu nikaandika kwa tarakimu kubwa ambazo hata mwenye foleni ya watu 60 ataziona: 2021, wiki 30. Mstari wa pili: wiki 33 na siku 6. Pembeni: mlango wa kizazi milimita 22, wiki ya 22. Akakisoma, akauliza kama anaweza kukipiga picha kwa simu, ili safari hii kikipotea yabaki. Akapiga mbili, moja imetingishika.